Kabla Hujachagua Kozi ya Hesabu: Keti Kwanza, Piga Gharama



Vijana wenzangu, kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na dirisha la maombi ya vyuo likafunguliwa, wadogo zetu huniuliza swali hilihili: "Dada, nimefaulu hesabu. Niombe takwimu bima, uchumi, au nini?" Mwingine anakuja na la kinyume: "Dada, uchumi naupenda, ila hesabu zinanitisha. Nifanyeje?" Mimi nilisoma takwimu bima, ambayo vyuoni wengi tunaiita aktuaria, na ndiyo kazi ninayoifanya sasa. Basi leo tujifunze pamoja. Suala hili si la ajira tu, ni la wito pia.

Chukua Biblia yako. Tutasoma Luka 14:28-30, halafu kitabu cha Mwanzo sura ya 41 na 47:13-26.

1. Keti kwanza

Katika Luka, Yesu anatoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Mtu huyo anatakiwa kwanza akae chini apige gharama, asije akaweka msingi halafu akashindwa kumaliza, watu wakamcheka. Yesu alikuwa anafundisha juu ya kumfuata Yeye, siyo juu ya kozi za chuo. Lakini ona kwamba kupiga hesabu kabla ya kuanza hakuonekani kwake kuwa ni ukosefu wa imani. Kusali novena halafu ukajaza kozi ambayo hata hujui inafundisha nini, huko siyo kumtegemea Mungu.

Sasa, gharama za mnara huu ni zipi?

Takwimu bima ni hesabu mwanzo hadi mwisho: kalikulasi, aljebra, nadharia ya uwezekano, takwimu, thamani ya fedha kulingana na muda, na majedwali yanayoonyesha watu wa umri fulani wanaishi au kufariki kwa kiwango gani. Kozi hii ipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na pale IFM, na kwingineko pia. Ukimaliza shahada bado hujawa mtakwimu bima kamili. Kuna mitihani ya kitaaluma ya taasisi za nje, kama IFoA ya Uingereza au SOA ya Marekani. Ada zake hulipwa kwa fedha za kigeni, na watu wengi huchukua miaka kadhaa kuimaliza huku wakifanya kazi.

Uchumi una sura mbili. Mwaka wa kwanza utakutana na maelezo na michoro ya mahitaji na ugavi, unaweza kudhani ni HGE inaendelea. Baadaye inakuja hesabu ya uchumi, takwimu na ekonometriki, na hapo ndipo wengine wanapata supu, wanabeba masomo, na wachache wanadisko kabisa. Kama ulisoma BAM kwa kuigusa tu, jiandae kuirudia kwa bidii. Ukifikiria shahada ya pili ya uchumi, hesabu inaongezeka, haipungui.

Na soko? Niseme ukweli: soko letu la bima bado ni dogo, na nafasi zenye jina "mtakwimu bima" si nyingi. Ila ujuzi wenyewe unahitajika sehemu nyingi: mifuko ya hifadhi ya jamii kama NSSF na PSSSF, bima ya afya, mabenki, Benki Kuu, ofisi za takwimu. Anayekuambia "soma hiyo, utaajiriwa kesho yake" hajapiga gharama. Na anayekuambia "haina kazi hiyo" naye hajapiga.

2. Hesabu hizi zinamsaidia nani?

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa nyumbani kabisa. Parokia moja ina chama cha kufa na kuzikana chenye familia 200. Tuseme kwa wastani, kila mwaka familia 1 kati ya 100 hufiwa na baba au mama. Chama kimeahidi rambirambi ya shilingi 500,000 kwa kila familia iliyofiwa. Mweka hazina anapiga hesabu: misiba 2 kwa mwaka, ni shilingi 1,000,000. Gawanya kwa familia 200, kila moja itoe 5,000. Safi, kikao kimefungwa kwa sala.

Tatizo liko wapi? Wastani wa misiba 2 haumaanishi kila mwaka itakuwa 2. Ukipiga kwa nadharia ya uwezekano, utaona kwamba takriban mwaka mmoja katika kila mitatu misiba itazidi 2. Na kama mara moja katika miaka 20, misiba itafika 5 au zaidi. Kama hakuna akiba ya miaka ya nyuma, mwaka wa misiba 5 chama kinahitaji 2,500,000 na kina 1,000,000. Familia mbili za kwanza zinalipwa. Mjane wa tatu, wa nne na wa tano wanaambiwa "tunaomba mvumilie." Hakuna aliyeiba, na kila mtu alitoa mchango wake. Ila wajane watatu wamerudi nyumbani mikono mitupu, kwa sababu hesabu iliishia kwenye wastani.

Kila familia ikitoa 10,000, chama kinaweza kulipa misiba 4, na uwezekano wa kupungukiwa unashuka hadi karibu 5%. Lakini sasa linazuka swali jingine: yule mama anayeuza mboga, ambaye hata 5,000 aliitoa kwa shida, atapata wapi 10,000? Fomula haijibu hilo. Anahitajika mtu anayejua hesabu na anayemjua huyo mama, asimame kikaoni aseme: "Tupange viwango viwili, au tuanze kujenga akiba mapema." Hiyo ndiyo kazi yetu, ndugu zangu. Maandiko yanamtaja mjane na yatima mara nyingi sana. Takwimu bima ikifanywa vizuri ni njia mojawapo ya kuwalinda, tena kabla hata hawajalia.

3. Yosefu na ghala za Misri

Soma Mwanzo 41. Yosefu anatafsiri ndoto ya Farao: miaka 7 ya shibe, kisha miaka 7 ya njaa. Hakuishia kwenye tafsiri. Alitoa mpango wenye kiwango: ikusanywe sehemu ya tano ya mavuno, yaani 20%, katika miaka ya shibe, iwekwe ghalani. Ndoto ilitoka kwa Mungu, na asilimia ikatoka kwenye akili ambayo Mungu huyohuyo alimpa. Nchi ikapona.

Wengi tunaishia hapo. Endelea hadi sura ya 47. Njaa ilipokaza, watu walinunua chakula kwa fedha hadi zikaisha. Wakatoa mifugo. Mwisho wakatoa mashamba yao na wao wenyewe, wakawa watumwa wa Farao. Ghala ni lilelile, na aliyepanga ni yuleyule. Mpango uliookoa maisha ya watu uliwaacha pia bila ardhi na bila uhuru.

Mimi sura hii huisoma nikiwa kazini, kwa kuwa ninaijua hali hiyo. Jedwali moja linaweza kutumika kuhakikisha mzee analipwa pensheni hadi mwisho wa maisha yake. Jedwali hilohilo linaweza kutumika kutafuta namna ya kumkwepa mgonjwa. Riba inaweza kupangwa ili mkulima apumue, au ili asitoke kabisa kwenye deni. Hesabu yenyewe haitakuambia umfanyie kazi nani. Kwa hiyo swali hili liamue mapema, kabla hujapewa mshahara wa kukunyamazisha.

Wapo waliotutangulia. Mwenyeheri Giuseppe Toniolo alikuwa mwalimu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Pisa, baba wa familia, akafariki 1918. Alifundisha kwamba uchumi hauwezi kutengwa na maadili, na Kanisa lilimtangaza mwenyeheri mwaka 2012. Na kwa dada zangu mnaoambiwa hesabu ni za wanaume: Maria Gaetana Agnesi wa Milano alitoa kitabu kikubwa cha kalikulasi mwaka 1748. Mwaka 1750 Papa Benedikto XIV alimteua kufundisha hesabu Chuo Kikuu cha Bologna. Baadaye aliacha umaarufu huo, akatumia miaka mingi kuwahudumia maskini na wagonjwa hadi alipofariki 1799. Hata katika siku zetu, mwaka 2019 Baba Mtakatifu Fransisko aliwaalika vijana wachumi kutoka duniani kote wafikirie upya uchumi usiomwacha mtu nyuma, akiwaita Assisi, mji wa Fransisko maskini.

4. Maswali matatu ya kupambanua

*Naweza?* Usiangalie alama tu. Chukua kitabu cha hesabu ya juu, fanya maswali magumu kwa wiki mbili bila kuangalia majibu. Ukikwama, unarudi tena kesho yake? Kozi hizi hazihitaji mtu asiyekosea. Zinahitaji mtu anayerudi tena. Kama hesabu ni ngumu kwako lakini unarudi, usikimbie kwa hofu. Kama unaikwepa kila siku, usijidanganye.

*Napenda?* Siyo mshahara wala jina la kozi. Je, ile kazi yenyewe ya kukaa na namba kwa saa nyingi inakupa amani, au inakukausha? Mwili na roho yako vitakuambia. Kama moyo wako uko kwenye ualimu, uuguzi au kilimo, A ya hesabu haikulazimishi kuuacha. Kipaji siyo pingu.

*Kwa ajili ya nani?* Katika wosia wake kwa vijana, Christus Vivit, Papa Fransisko anatushauri tusiishie kujiuliza "mimi ni nani" bali twende hadi "mimi ni kwa ajili ya nani." Taja watu halisi: wakulima wa kijijini kwenu, wastaafu, madereva wa bodaboda wasio na bima. Usipopata jina hata moja, endelea kusali.

Kuhusu wazazi: waheshimu na uwasikilize, maana wao ndio wanaobeba gharama pamoja nawe. Usiwafiche. Kaa na baba na mama, waeleze kozi inafundisha nini, ada ni kiasi gani, na mkopo ukikosekana mtafanyaje. Mzazi akiona umepiga gharama, maongezi huwa mepesi.

Zoezi la wiki hii

Fungua mwongozo wa TCU, soma sifa za kujiunga na kozi unayoitaka. Ongea na wanafunzi wawili wanaoisoma, mmoja anayefaulu na mmoja anayehangaika. Kisha kaa nusu saa mbele ya Sakramenti Takatifu na maswali yale matatu. Ulichopata, mshirikishe padre mlezi au mtu mzima unayemwamini.

Sala

Ee Bwana, uliyeumba vyote kwa kipimo na kwa hesabu, utuangaze tunapochagua. Utuepushe na hofu inayozika talanta na tamaa inayoiuza. Utupe akili ya Yosefu wa kukusanya ghalani, na utupe moyo wa kufungua ghala bila kumfunga mtu. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.