Siku ya Mwisho Mbaraki: Mafunzo Niliyopata

Nilikwenda Mombasa kutokea Dar es Salaam kumtembelea rafiki niliyesoma naye chuo, ambaye kwao ni Mbaraki. Fort Jesus tulishaiona, vichochoro vya Mji wa Kale tulishavizunguka hadi viatu vikalalamika. Siku ya mwisho nikaomba tusipange lolote.

1. Mgeni huijua nyumba akishapewa kazi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kisiwani jembe la nini? Nilipewa mbuzi. Kabla ya hapo mama wa rafiki yangu hakuniruhusu hata kuondoa sahani. Asubuhi ile akanisogezea mbuzi na vizio viwili vya nazi, akasema, "Kuna, mwanangu, mimi nachagua mchele." Nikaketi, nikakuna. Alinichungulia mara moja tu: "Usifike kwenye kifuu, tui litaingia weusi."

Hapo ndipo maneno yalipofunguka. Kwa mgeni watu husimulia Wareno na masultani. Kwa mkuna nazi husimulia bei ya gesi, kodi ya nyumba, harusi iliyoingia fitina, na kijana aliye Saudia ambaye hapigi simu mpaka apigiwe. Nilijifunza zaidi kuhusu Mombasa kabla tui halijachujwa kuliko nilivyojifunza kwenye matembezi yote.

2. Kilicho jirani huachwa mwisho.

Mnara wa Mbaraki uko mwendo mfupi kutoka pale nyumbani, na wenyeji wangu hawakukumbuka kunipeleka. Ni nguzo ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye urefu wa mita 14 hivi, ndani ina uwazi, nayo imeinama kidogo. Imechorwa kwenye ramani ya Wareno ya mwaka 1728, kwa hiyo iliwahi kuwaona wakija na wakifukuzwa. Wapo wasemao iliwekwa kwa ajili ya kaburi la sheikh. Ubavuni mwake upo msikiti, na upande wa pili maghala na malori ya bandarini. Hapana foleni wala mpiga picha. Rafiki yangu aliyezaliwa mtaa ule aliuzunguka mnara kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Alikiri kwamba tangu shule ya msingi hajausogelea. Nilimwelewa: mimi mwenyewe wa Dar, Makumbusho ya Taifa nimeingia lini?

3. Baada ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, lala.

Sina la kuongeza.

4. Bakiza shilingi za Mama Ngina.

Alasiri jua liliposhuka tulikwenda kupunga upepo Mama Ngina, kando ya bahari. Eneo hili lilikarabatiwa, na sherehe za Mashujaa za Oktoba 2019 zikafanyika hapo, lakini mibuyu mikubwa bado imesimama. Wengine hubadilisha pesa zote mapema ili wasirudi na shilingi za Kenya mfukoni. Watakosa mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa katikati ikatiwa pilipili na ndimu, na mabuyu mekundu yanayopaka ulimi rangi. Tuliketi ukutani, meli ya makontena ikapita mlangoni mwa bandari ya Kilindini karibu sana, tukawaona mabaharia wakituangalia nasi tukiwaangalia. Watoto wakawapungia. Baharia mmoja akajibu, na ukuta mzima ukashangilia.

5. Zawadi mtume mwenyeji.

Kwenye maduka ya leso ya Biashara Street mimi hutajiwa bei ya mgeni hata kabla sijafungua mdomo, sijui hunijuaje. Mama alikwenda peke yake, akarudi na doti mbili na halua. Alisema alisoma majina ya leso nyingi akayakataa, kwa kuwa mengine yangeniletea ugomvi na mawifi.

6. Kuaga kuanze mapema.

Pwani hakuna kwaheri ya dakika tano. Kuna dua, kuna kuulizwa umesahau nini, kuna jirani anayefika na salamu za kupeleka Tanga. Tulitoka saa nzima kabla ya muda uliohitajika, na bado tulifika kwenye kivuko cha Likoni tukiwa mbiombio.

Wakanisindikiza hadi ng'ambo, kwa kuwa anayevuka kwa miguu halipi. Feri ilipong'oa nanga, mama alinyamaza, midomo ikicheza kwa dua. Rafiki yangu akaninong'oneza kwamba hufanya hivyo tangu Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na kuua watu zaidi ya 270. Nami nikasoma niliyoyajua.

Tulipogusa Likoni akarudi kuwa yule yule wa asubuhi. Akaniuliza kama basi la Dar hupita Muheza mchana au usiku, maana zamu ya kuja ni yake, na machungwa ya huko hataki kuyachagua gizani.