HIARI YASHINDA UTUMWA: SOMO KUTOKA KWA KAFYU NA CHANJO

Mwalimu mlezi wa Chama aliniagiza niandike somo juu ya methali moja. Nimechagua "Hiari yashinda utumwa". Wengi wetu huipachika kwenye insha ili tupate alama, kisha tukaisahau. Mimi niliielewa nyumbani, siku za korona, kabla sijakutana nayo kitabuni.

1. Maana ya maneno

Hiari ni kutenda jambo kwa kupenda mwenyewe. Kinyume chake ni shuruti, yaani kulazimishwa. Lakini kuna neno la tatu ambalo tunalisahau, nalo ni ridhaa. Ridhaa ni kukubali jambo baada ya moyo kuridhika. Haiwezekani mtu aridhike na jambo asilolielewa. Kwa hivyo ridhaa huhitaji watu wawili: mmoja wa kueleza na mmoja wa kuuliza. Shika hapo, tutarudi.

2. Jinsi amri zilivyokuja

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye serikali ikatangaza kufunga shule. Nilikuwa darasa la tano, mtoto wa miaka kumi. Tulishangilia tukidhani ni likizo. Kumbe! Darasa letu halikurudi shuleni mpaka tarehe 4 Januari 2021.

Tarehe 27 Machi 2020 kafyu ilianza, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Siku hiyo hiyo, kule Likoni, Mombasa, watu waliokuwa wakingoja feri ili wawahi kufika nyumbani walirushiwa gesi ya kutoa machozi na kupigwa virungu, na saa moja yenyewe haijafika. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba wananchi radhi kwa nguvu zilizotumika kupita kiasi.

Usinielewe vibaya, msomaji. Ugonjwa ulikuwa wa kweli na uliua watu. Virusi vya korona hupita kwa pumzi, hivyo watu wakipunguza kukutana, maambukizi hupungua. Sababu ya kafyu ilikuwepo. Shida ni kwamba mwananchi wa kawaida alikutana na kirungu kabla ya kukutana na sababu.

3. Karai la mama

Mama yangu hukaanga samaki karibu na steji moja hapa Kisumu. Huwasha jiko saa kumi na moja jioni watu wakianza kutoka kazini, na biashara hunoga kati ya saa moja na saa tatu usiku. Kafyu ilimwachia saa mbili tu. Alikuwa akisema, "Ukimwambia mtu wa kibarua asitoke jioni, si umemwambia tu asile?"

Jioni moja alichelewa kufunga kwa dakika chache. Askari wawili wakaja. Mmoja alilipiga jiko teke, karai likapinduka, samaki wakatapakaa mchangani. Mafuta moto yalimchoma mama mguuni, na kovu lipo hadi leo. Hakulia. Aliokota samaki mmoja mmoja, akawaosha, tukawala sisi wenyewe siku mbili. Yule aliyemkopesha samaki alilipwa kidogo kidogo kwa mwezi mzima.

Halafu ukaja mwaka wa 2021. Tarehe 1 Juni, sherehe za Madaraka zilifanyika hapa hapa Kisumu, wakubwa wakaja na watu wakakusanyika. Katikati ya mwezi uo huo, kwa kuwa maambukizi yalikuwa yamepanda, kafyu yetu na ya kaunti jirani ikarudishwa saa moja jioni. Mama aliposikia redioni alicheka kicheko kikavu. "Wao waje wajaze watu, mimi nizime jiko!"

Hapo ndipo utaelewa hasira ya watu. Haikuwa kwamba hawaogopi ugonjwa. Mtu hukubali kubeba mzigo mzito akiona na mwenzake anabeba. Akibeba peke yake, huutupa chini. Kafyu iliondolewa nchi nzima tarehe 20 Oktoba 2021, lakini hasira ile haikuondoka nayo.

4. Chanjo yaingia

Chanjo za kwanza, zaidi ya dozi milioni moja za AstraZeneca, zilifika Kenya mwanzoni mwa Machi 2021. Kazi ya chanjo ni kama kumwonyesha mlinzi wa lango picha ya mwizi kabla mwizi hajafika. Mwili hujifunza kumtambua adui, ukatayarisha askari wake mapema.

Mama alikataa katakata. Sababu yake haikuwa ya kisayansi. Alisema, "Hawa ndio walimwaga samaki zangu. Wamenipenda tangu lini?" Mjomba wangu, mwendeshaji wa bodaboda, naye akakataa. Alikuwa amesikia uvumi mwingi huko steji, na hakuna aliyekaa naye kumtenganishia uvumi na ukweli.

Mnamo Novemba 2021, Waziri wa Afya, Bwana Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba mtu ambaye hajachanjwa kikamilifu hangehudumiwa katika ofisi za serikali. Mama alikuwa akifuatilia cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu. Badala ya amri ile kumpeleka kwenye sindano, ilimrudisha nyuma zaidi. Tarehe 14 Desemba 2021, Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo kwa muda. Mama na mjomba walipeana mikono kana kwamba Gor Mahia imefunga bao.

Lakini ngoja. Mwanzoni mwa 2022 mama alimpeleka mdogo wangu kwenye zahanati kwa ajili ya kikohozi, nami nikaandamana naye. Muuguzi alimaliza kumtibu mtoto, kisha akamuuliza mama kama amechanjwa. Mama akajibu kwa ukali kwamba hajachanjwa na hachanjwi. Muuguzi hakugombana naye. Alivuta kiti, akaketi.

"Ni nini kinakutia wasiwasi, mama?"

"Daktari, mimi niko na presha. Hiyo sindano haitanimaliza?"

"Hiyo presha ndiyo inanifanya nikuambie. Korona ikikupata, mwenye presha huumia zaidi. Ukichanjwa bado unaweza kuambukizwa, sikudanganyi. Lakini uwezekano wa kulazwa au kufa unapungua sana. Mkono utauma, na unaweza kupata homa siku moja au mbili. Kuna watu wachache sana ambao damu yao iliganda. Ukiona maumivu makali ya kichwa au ya kifua, rudi mbio."

Mama alinyamaza kitambo. Nilidhani habari ya damu kuganda itamfukuza. Badala yake alisema, "Wewe ndiye wa kwanza kuniambia ubaya wake pia." Akauliza mengine matatu, akajibiwa. Akaenda nyumbani kufikiri. Baada ya wiki moja alirudi mwenyewe, akakunja mkono wa blauzi.

Tazama, msomaji: kirungu, redio na tangazo la ofisi vilishindwa, kiti kimoja kikaweza. Hiyo ndiyo ridhaa niliyokuambia ushike.

5. Je, hiari haina mipaka?

Hapa tusidanganyane. Kuna wanaosema, "Mwili ni wangu, asiniambie mtu." Ni kweli, lakini pumzi yangu huingia kwa jirani. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya. Kifungu cha 24 kinasema haki inaweza kuwekewa mipaka, ila kwa njia ya sheria, na mipaka hiyo iwe ya kadiri na yenye sababu. Yaani serikali haikatazwi kuamuru, inakatazwa kuamuru ovyo.

Tena chanjo hazifanani. Surua huenea upesi mno, na mtoto mchanga ambaye hajafikia umri wa kuchanjwa hulindwa na sisi tuliochanjwa. Ukikataa hapo, unamwamulia mtoto asiyeweza kusema. Chanjo ya korona ilimkinga zaidi yule aliyechanjwa asizidiwe, na haikuzuia kikamilifu maambukizi. Ndiyo maana mimi naona kushawishi kulifaa kuliko kulazimisha. Mwenzangu unaweza kupinga, ukumbi ni wako.

Mjomba hajachanjwa hadi leo. Mama bado humwambia ni mkaidi, naye bado hunibeba kwa pikipiki nikichelewa. Hatukumfukuza mezani.

6. Jaribio la pili

Mnamo Julai 2025 kulikuwa na kampeni nchini ya chanjo ya surua na rubela, pamoja na ya homa ya matumbo, yaani taifodi. Ya taifodi iliwalenga watoto wa kuanzia miezi tisa hadi miaka 14. Mdogo wangu alikuwa na miaka minane. Uvumi ukaanza tena mtaani, hata wateja wa mama wakamwonya wakiwa wameshika samaki mkononi.

Safari hii mama hakukataa, wala hakukubali. Aliniambia nimwandikie maswali matano nyuma ya daftari langu la Hesabu, akaenda nayo zahanati. Aliambiwa kwamba ni dozi moja, kwamba mtoto anaweza kupata homa kidogo, na kwamba taifodi huletwa na maji na chakula kichafu, hivyo lazima aendelee kuchemsha maji na kunawa mikono. Kwa mwuza chakula hilo lilimwingia. Mdogo wangu alichanjwa, akalia, akanunuliwa ndizi.

Daftari lile ninalo bado. Nikilitazama najua kwamba methali yetu haimalizikii kwa kukataa. Mtumwa haulizi. Aliye huru huuliza, hujibiwa, kisha huamua, na hukumbuka kwamba ana jirani.

Kwa haya machache naweka kalamu chini.

Maswali ya kujipima

(a) Toa tofauti kati ya hiari, shuruti na ridhaa, na utunge sentensi moja kwa kila neno.

(b) "Mtu hukubali kubeba mzigo mzito akiona na mwenzake anabeba." Jadili kwa kurejelea shule yetu.

(c) Muuliza mtu mzima wa kwenu jinsi alivyoamua kuhusu chanjo ya korona. Msikilize mpaka amalize, ndipo useme lako.