MBUNG'O, KICHAKA NA AKILI YA MTU

Mkulima wa Lambwe, huenda umezoea kufikiri kwamba kichaka kilicho mpakani mwa shamba lako ni kuni tu na kivuli cha ng'ombe. Yafaa ujue kwamba kichaka hicho kinaweza kugusa damu yako, na hata akili yako.

Mbung'o hapendi jua kali. Hukaa kwenye vichaka vizito, na jioni hutoka kutafuta damu, dume na jike pia. Jike hatagi mayai kama inzi wengine. Huzaa funza mmoja tu kila baada ya siku tisa au kumi, na funza huyo hujifukia katika udongo wa kivulini. Inzi anayezaa polepole namna hii angekuwa amekwisha zamani kama si kivuli hicho.

Ndiyo sababu bonde hili, lenye rutuba nyingi, lilikaa karibu tupu kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu zaidi ya 200,000 katika nchi zilizo kando ya Ziwa Victoria, hasa upande wa Uganda. Hapa Lambwe vichaka vilifyekwa, watu wakapewa mashamba. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 malale yalirudi kwa nguvu, na mwaka 1981 ndege zilinyunyiza dawa bondeni. Mbung'o walipungua sana, kisha wakaanza kuongezeka tena.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Malale huanza kama malaria: homa, kichwa kuuma, pengine kidonda mahali ulipoumwa. Huku kwetu mashariki ugonjwa huu huenda mbio. Baada ya majuma au miezi michache vijidudu huingia katika ubongo. Mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku. Mtu mpole huwa mkali, hugombana na mkewe, husema maneno yasiyo na maana, huyumba akitembea. Majirani husema amerogwa, au ni pombe. Basi hupelekwa kwa mganga, na siku zinapita. Mtu huyo hana wazimu wala hakurogwa. Ana vijidudu, na asipotibiwa atakufa. Akiwahi hospitali damu yake hupimwa kwa hadubini, naye hupata dawa.

Mwezi Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma nchini Kenya. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa na kugunduliwa humu nchini alikuwa wa mwaka 2009. Mwaka 2012 waligunduliwa wageni wawili walioambukizwa Masai Mara. Hiyo ni habari njema, lakini haisemi kwamba mbung'o wamekwisha. Vijidudu vya malale huweza kukaa katika pongo, na katika ng'ombe wako mwenyewe, bila mnyama kuonekana mgonjwa.

Je, tufyeke kila mti? Mimi nasema hapana. Miti hushika udongo wa milimani, na Hifadhi ya Ruma, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983, ndiyo makao ya korongo wa mwisho wa Kenya. Fyeka vichaka vilivyo karibu na nyumba, njia na mahali pa kuteka maji. Ng'ombe wamwagie mgongoni dawa ya kuua mbung'o, maana inzi akitua hufa. Mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi iachwe mahali pake. Buluu humvuta mbung'o, na mkojo wa ng'ombe ukiwekwa kando humvuta zaidi. Kitambaa hicho si cha kushonea watoto kaptura!

Ukiwa na homa isiyosikia dawa ya malaria, mwambie mganga wa zahanati kwamba unaishi karibu na Ruma, na umwombe akutazame damu kwa ajili ya malale.