CHAKULA KILICHOLALA NA MTOTO MDOGO

Ndugu mfanyakazi, mama wa nyumba, jihadharini na salmonela. Ni kijidudu cha chakula na maji machafu. Mtu mzima mwenye nguvu huharisha siku chache, akapona. Lakini mtoto wa chini ya miaka 5 aweza kuingiwa nacho damuni, hasa akiwa na malaria, upungufu wa damu au utapiamlo. Pengine haharishi kabisa: ni homa tu.

Hapa Kasongo na Kabambare malaria ni nyingi. Basi:

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Chemsha maji ya kunywa.
3. Sombe au uji uliolala, uchemshe tena.
4. Homa ikiendelea baada ya dawa ya malaria, usingoje: mpeleke mtoto kwa mganga upesi.