Kuyawahi Maji Kabla ya Jua: Mambo ya Kupima Kabla ya Kuchimba Kisima cha Kwanza

Mwaka 1938 jimbo la Colorado, Marekani, lilitia saini mkataba wa kugawana maji ya mto Rio Grande na majirani wa chini, New Mexico na Texas. Kiasi cha kupeleka hufuata jedwali: mto ukijaa, unapeleka mengi, ukipungua, machache. Hata hivyo Colorado ilibaki nyuma, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 deni lilikuwa limepita mita za ujazo bilioni 1. Majirani waliishtaki mwaka 1966 katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Miaka miwili baadaye Colorado ikakubali kutimiza wajibu wake kila mwaka, na uzito wa ahadi hiyo ukawaangukia wakulima wa bonde la San Luis, ambao walipaswa kuyaacha maji yapite mbele ya mifereji yao.

Maji ya ziada yangetoka wapi? Upande wa kaskazini wa bonde hilo hauna njia ya kutokea. Mito midogo inashuka kutoka milimani, inazama ardhini, na maji yake yanakaa karibu sana na uso wa ardhi katika nchi inayopata mvua ya milimita 180 hivi kwa mwaka. Jua na vichaka vya nchi ya chumvi huyamaliza. Sheria ya mwaka 1972 ikaruhusu serikali kuchimba visima vya kuyanyonya maji hayo mapema na kuyaingiza mtoni. Vikachimbwa visima 170 hivi, na mfereji mkuu wa kilomita 68 hivi.

Anayepanga mradi wa namna hii aanze na swali moja: maji haya yangepotea kweli kama tusingeyagusa? Maji ya kuokoa si maji mapya. Ni yale uliyoyanyang'anya jua na mizizi. Walioishi na mathenge kule Baringo wanaujua mti unaozamisha mizizi na kunywa mwaka mzima. Vichaka vya San Luis hufanya kazi hiyohiyo. Ukishusha kina cha maji mpaka mizizi isifike, umeokoa. Lakini kama kina kilikuwa kimeshuka tayari kwa sababu ya ukame au pampu za mashambani, vichaka havikuwa vinakunywa kitu, na kisima chako kinatoa tu akiba ya watu wengine. Kwa hiyo mita ya pampu haitoshi kukuambia kiasi ulichookoa. Chimba kwanza visima vya kupimia kina, visome masika na kiangazi kwa miaka kadhaa, mwaka wa ukame ukiwemo, na upime pia uvukizi na maji yanayonywewa na mimea. Naiona kazi hii kuwa nusu ya mradi mzima, nayo ndiyo hukatwa kwanza bajeti inapobana.

Vipimo hivyo ndivyo vitakavyomlinda jirani. Sheria ya 1972 ilikataza mradi kushusha maji kwa zaidi ya futi 2, yaani sentimita 60 hivi, katika visima vya umwagiliaji na vya nyumbani vilivyokuwapo nje ya mpaka wake kabla haujajengwa. Chini ya tabaka la juu la maji kuna jingine, limefunikwa na udongo wa mfinyanzi, ambalo maji yake hupanda yenyewe kwa shinikizo, nalo lililindwa. Masharti ya namna hiyo yana maana pale tu ambapo kina cha kila kisima kiliandikwa kabla ya pampu kuwashwa. Mwenye kisima kilichokauka asiachiwe kazi ya kutafuta ushahidi.

Chumvi nayo ina hesabu yake. Mkataba wa Rio Grande unasema kwamba maji ya bonde hilo yakiwa na madini yaliyoyeyuka zaidi ya sehemu 350 kwa milioni, Colorado haihesabiwi chochote isipokuwa sodiamu iwe chini ya asilimia 45 ya ioni chanya zote. Maana yake, unaweza kulipia umeme, ukajaza mfereji, na deni lisipungue hata tone. Pima kila eneo la visima peke yake, ili kisima chenye chumvi nyingi kifungwe bila kusimamisha vingine.

Kuna pia viumbe waliokuwa wakiishi kwa maji hayo unayoyaita ya kupotea. Sheria iliagiza sehemu ipelekwe kwenye hifadhi ya wanyamapori ya Alamosa na ardhi oevu ya Blanca, na sharti hilo lilikuwa la haki. Watengewe maji yao tangu mwanzo.

Ndipo uje kwenye mitambo, na hapa weka fedha ya matengenezo ya kila mwaka. Bakteria wanaostawi kwenye maji yenye chuma huunda utando unaoziba vichujio. Visima vya San Luis vimeathirika sana, na vingine vilibidi vichimbwe upya. Mradi ulitarajiwa kutoa zaidi ya mita za ujazo milioni 120 kwa mwaka. Haujawahi kufikia kiasi hicho, na tangu ukame mkali wa 2002 umetoa machache zaidi. Usiahidi jirani wa chini ya mto kiasi kilichokadiriwa wakati maji yalikuwa juu.

Kwetu, tabaka la maji la Kilimanjaro liko pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania. Mara unashuka kutoka Kenya kuingia Tanzania, na Umba unakwenda upande wa pili. Siku visima vitakapopendekezwa kama njia ya kuufidia mto mmojawapo, bodi za mabonde na jumuiya za watumia maji zidai vipimo vya kina na vya chumvi kabla ya zabuni kutangazwa. Zikubaliane pia kwa maandishi nani atapata nafuu. Kule San Luis watumiaji wa Rio Grande wanahesabiwa asilimia 60 ya maji yaliyookolewa, na wa tawi lake, mto Conejos, 40.