Taa Zinapozimika Nyumbani: Hesabu Kwanza, Kisha Mwite Fundi

Songea iliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018 kwa njia ya umeme ya kilovoti 220 kutoka Makambako. Wakati wa majenereta, taa ikizimika kila mtu alijua wa kulaumiwa. Siku hizi chanzo chaweza kuwa nguzoni, kwenye mita au darini mwako, na kila mahali pana mhusika wake. Mtumiaji asiyepambanua hayo humlipa fundi kwa kazi ya TANESCO, au husubiri gari la TANESCO kwa kosa la holda yake mwenyewe.

Swali la kwanza ni hili: zimezimika taa ngapi?

Ikiwa ni moja, shuku balbu. Zima swichi kuu, iache ipoe, kisha ihamishie kwenye holda ya chumba kingine ambacho taa yake ni nzima. Ukiwasha umeme nayo ikawaka, kosa limo katika holda ya awali, swichi yake au waya unaoziunganisha, na hapo kazi ni ya fundi. Msimu wa mvua huongeza kisa kingine: kumbikumbi hujaa ndani ya taa za barazani, unyevu hukaa humo, na pini za holda hushika kutu. Safisha umeme ukiwa umezimwa, si vinginevyo.

Zikizimika taa kadhaa huku soketi zikifanya kazi, fungua boksi la sakiti breka. Breka iliyoshuka irudishe mara moja tu. Ikishuka tena, iache hivyo hivyo, kwa maana inakuambia kuwa kuna waya unaogusana na mwingine au ulioingiwa na maji. Hapa ndipo tunapowasihi watumiaji wawe wagumu: usikubali kufungiwa breka kubwa zaidi “ili isisumbue”. Saketi ya taa kwa kawaida hutandazwa kwa waya wa milimita za mraba 1.5 na kulindwa na breka ya ampea 6 au 10. Ukiweka ya ampea 32, waya utapata moto hadi uyeyuke darini bila breka kukata. Nyumba itakuwa na mwanga, na moto utakuwa unajiandaa juu ya vichwa vya watoto waliolala.

Zikizimika zote, tazama mita ya LUKU, kisha tazama kwa majirani. Uniti zikiwa zimekwisha, jibu unalo. Mtaa mzima ukiwa gizani, toa taarifa TANESCO. Majirani wakiwa na umeme na mita yako ina uniti, angalia kama swichi kuu imeshuka. Ikiwa haijashuka, toa taarifa vilevile. Usivunje lakiri ya mita kwa sababu yoyote. Kwa jumla, njia ya umeme hadi kwenye mita, na mita yenyewe, ni dhamana ya TANESCO. Kuanzia hapo kuingia ndani ni yako.

Zipo dalili mbili zisizongoja asubuhi. Taa za baadhi ya vyumba, au za nyumba jirani, zikiwaka kwa ukali usio wa kawaida huku nyingine zikififia, huenda waya wa nyutro umelegea au umekatika njiani. Badala ya voti 230, nyumba yaweza kupokea umeme unaokaribia voti 400, nao huunguza friji na televisheni kwa muda mfupi. Zima swichi kuu papo hapo, kisha piga simu TANESCO. Dalili ya pili ni balbu ya LED inayomulika kidogo ingawa swichi imezimwa. Huenda swichi ilifungwa kwenye nyutro badala ya laini. Basi holda ina umeme wakati wote, na anayebadilisha balbu akidhani yu salama yumo hatarini.

Fundi unayemwita awe na leseni ya EWURA. Mwombe akuonyeshe, nawe usome daraja la kazi aliloruhusiwa na tarehe ya mwisho wa leseni. Fundi halali hakasiriki kwa hilo. Malalamiko kuhusu huduma yaanzie TANESCO, kwa maandishi, nawe utunze nakala na namba ya taarifa. Usiporidhika na majibu, yalete EWURA pamoja na nakala hiyo.