Gitaa, Santuri na Vyuma: Utatumaje Bila Nauli Kuzidi Bei?

Anayekusanya santuri, anayepiga gitaa jioni na anayeshona nyumbani kwa kujifurahisha wote siku moja hufika kwenye kaunta ya mizigo, na wengi huondoka wakinung'unika kuwa nauli imekaribia bei ya kitu chenyewe. Mtaalamu wetu wa usafirishaji anajibu maswali ya wasomaji wanaotuma au kuagiza vitu vizito na vitu vikubwa.

Gitaa langu la umeme pamoja na boksi halizidi kilo 5. Mbona nilitozwa kilo 20 kwa ndege?

Hukuibiwa. Ndege inaweza kujaa nafasi kabla haijafikia uzito wake, kwa hiyo wasafirishaji hupima kwa mzani, kisha hupima kwa futi kamba. Huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, halafu hugawanya. Kampuni nyingi za vifurushi vya haraka hugawanya kwa 5,000. Mizigo ya kawaida ya ndege hugawanywa kwa 6,000. Jibu huitwa uzito wa ujazo. Kati ya huo na uzito wa mzani, unalipia ulio mkubwa.

Boksi la sentimita 110 kwa 45 kwa 20 lina sentimita za ujazo 99,000. Gawanya kwa 5,000 upate 19.8, nao wakaandika 20. Gitaa hilohilo likiingia kwenye boksi la 105 kwa 40 kwa 15, hesabu inashuka hadi 12.6, yaani kilo 13. Kilichopungua ni hewa tu. Chukua boksi linalolibana, legeza nyuzi, na ujaze nguo kuzunguka shingo na kichwa chake, maana hapo ndipo gitaa huvunjikia.

Shikamoo. Nina santuri 40 za taarab za inchi 12, nataka kumpelekea kaka yangu Muscat. Nipunguze boksi?

Marahaba. Kwako wewe boksi si tatizo. Santuri moja na jalada lake ni kama robo kilo, hivyo 40 zinafika karibu kilo 10. Boksi la sentimita 33 kwa 33 kwa 20 lina uzito wa ujazo wa kilo 4 na ushei tu. Unacholipia ni kilo za kweli, na hizo ndizo za kupunguza. Achana na kreti la mbao. Tumia katoni mbili ngumu, moja ndani ya nyingine, na sponji katikati. Usizibe mianya kwa magazeti mengi, nayo yana uzito.

Tuma boksi moja badala ya mawili, kwa sababu kilo ya kwanza ndiyo ghali na zinazofuata hupungua bei. Santuri zisimame, zisilale, na kila moja itolewe kwenye jalada iwekwe nyuma yake, la sivyo ikitikisika itapasua ukingo wa jalada. Zile za kale za mizunguko 78 kwa dakika zifunge peke yake. Zikidondoka huvunjika kama vigae.

Wanaonunua santuri Marekani nao wana njia yao. Posta ya huko ina huduma iitwayo Media Mail, ya vitabu na rekodi za muziki, ambayo ni nafuu sana ingawa ni ya polepole. Inafanya kazi ndani ya Marekani tu. Mwenye ndugu kule amwelekeze muuzaji atume kwa ndugu huyo, zikusanyike, kisha zije kwa mkupuo mmoja.

Klabu yetu ya usomaji inaletewa vitabu kutoka Ulaya. Kifurushi cha haraka kinatumaliza.

Vitabu havina haraka, msivilipie haraka. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874, una utaratibu wa machapisho ambao wengi hawaujui. Vitabu vinaweza kutumwa kama machapisho hadi kilo 5, na upo mfuko maalumu, unaoitwa mfuko wa M, wa machapisho yanayokwenda kwa mpokeaji mmoja, hadi kilo 30. Si kila posta huuza huduma hiyo, na karani wa ofisi ndogo anaweza asiifahamu. Mtumaji aulize posta kuu na aitaje kwa jina. Vitabu vya nukta nundu vya wasioona vina nafuu zaidi: hadi kilo 7 havitozwi ada ya kawaida ya posta.

Mkumbuke pia kuwa ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa vitabu vilivyochapwa ni asilimia 0. Tozo nyingine za nchi yenu ziulizeni mapema.

Nimeona vyuma vya mazoezi Dubai, kilo 100 jumla. Ndege au meli?

Meli, bila kufikiri mara mbili. Kwenye meli, mita moja ya ujazo hulinganishwa na kilo 1,000. Kwenye ndege, mita hiyohiyo huhesabiwa kilo 167 au 200, kutegemea kigawanyo. Maana yake, mzigo mdogo lakini mzito hupata nafuu yake baharini. Vyuma vyako kilo 100 havitafika hata robo ya mita ya ujazo.

Tahadhari moja: wakusanyaji wengi wa mizigo huweka kiwango cha chini, mara nyingi mita moja nzima. Ukipeleka vyuma peke yake utalipia nafasi tupu. Tafuta wenzako wawili watatu mjaze mita hiyo pamoja. Uliza pia bei hiyo inaishia wapi. Ya kufika bandarini Dar es Salaam au Mombasa si sawa na ya kufika mlangoni, kwa sababu katikati kuna ada za bandari na wakala wa forodha.

Na jiulize kama sahani zote za uzito zinahitaji kusafiri. Fundi wa kuchomelea mtaani anaweza kukutengenezea uzito wa chuma chakavu. Agiza fimbo na vifungio tu.

Nataka kumtumia mama cherehani ya zamani, kutoka Dar kwenda Mwanza.

Tuma kichwa, acha meza na miguu. Kichwa cha chuma kina kilo 12 hivi na kinaingia kwenye boksi dogo. Meza ndiyo inayokula nafasi, na seremala wa Mwanza ataitengeneza. Toa sindano na kibobini, kunja kitambaa ukiweke chini ya mguu wa kushonea, kisha uushushe ubane. Gurudumu la mkono lifunge kwa kamba lisizunguke.

Kwa mikoani, ofisi za vifurushi za mabasi mara nyingi ndizo nafuu, na bei huzungumzika kabla mzigo haujaandikwa. Dai risiti yenye jina, simu na maelezo ya mzigo. Epuka siku za kuelekea sikukuu, mabuti yakiwa yamejaa.

Na baiskeli?

Boksi la sentimita 140 kwa 80 kwa 20 kwa ndege ya vifurushi ni karibu kilo 45 za ujazo, wakati baiskeli yenyewe inaweza kuwa kilo 12. Hapo hakuna ujanja wa boksi utakaokuokoa. Mpe msafiri: mashirika mengi ya ndege huipokea kama begi la abiria au kwa ada maalumu ya vifaa vya michezo, mradi ulizie kabla. Ondoa gurudumu la mbele na pedali, geuza usukani. Pedali ya kushoto ina hesi ya kinyume, hufunguka kwa kuzungusha kufuata mwelekeo wa mshale wa saa.

Nikiandika "zawadi" na kushusha bei ya kitu, sitaokoa ushuru?

Usijaribu. Afisa wa forodha ana haki ya kukataa thamani uliyoandika na kuikadiria upya, na mzigo ukikaa ghalani unaongeza gharama za kuhifadhi. Tena bima hulipa kwa thamani uliyotangaza. Ukiandika gitaa lina thamani ya dola 20, likivunjika utalipwa hizohizo 20. Ambatisha risiti ya kununulia, na kitu kikiwa kimetumika, andika kuwa kimetumika.

Kama ningepaswa kukumbuka jambo moja?

Pima kabla ya kuuliza bei. Andika uzito wa mzani, andika uzito wa ujazo, kisha uone upi mkubwa. Ukiwa mkubwa wa ujazo, fungua vipande na ubane boksi. Ukiwa mkubwa wa mzani, punguza vifungashio, fikiria meli, tafuta wa kuchangia naye. Ukifika kaunta na namba hizo mbili mkononi, linganisha angalau ofisi tatu kabla ya kulipa.